Harufu Niliyoiita Pombe

Kisu kilishuka, na mkono wake ulikuwa bado mezani.

Hapo ndipo niliponyamaza wiki iliyopita, na najua wapo walionikasirikia. Sikunyamaza kwa hila. Kila nikifika hapo mwili unanisisimka, kalamu inagoma.

Aliyechelewa kujiunga nasi nitamvuta mkono upesi. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, idara ya umaliziaji, tunakokunja, kushona na kukata vitabu. Zamani nilikuwa msimamizi wa idara hiyo. Miezi minne iliyopita nilikwenda ofisini nikamwambia meneja kwamba mwendesha mashine ya kukunja amekuja kazini amelewa. Alifukuzwa siku hiyohiyo, kabla ya chai. Haukupita muda na mimi nikavuliwa usimamizi, nikarudishwa meza ya kupanga kurasa, na hakuna aliyenipa pole. Wakaniita Redio, kwa kuwa nikisikia jambo, ofisini nako linasikika.

Sasa, huyo niliyemfukuzisha ana kaka yake, tumbo moja, na kaka mtu yupo palepale kwenye mashine ya kukatia. Tunamwita Nusu Milimita. Ana miaka kumi na tisa anakata karatasi na hajawahi kupitiliza zaidi ya hapo. Tangu mdogo wake aondoke hakuwa amenipa hata salamu.

Turudi kwenye kisu.

Kisu kilimkosa. Kilipita upana wa kidole kutoka kwenye vidole vyake, kikazama katika rundo la vitabu vya jiografia, ndani kabisa ya maandishi. Mashine ile ina vitufe viwili, kimoja kwa kila mkono, makusudi ili mkono usipate nafasi ya kuwa chini ya kisu. Yeye alikuwa amekifunga kimoja kwa utepe ili kazi iende haraka.

Aliliinua rundo akalileta karibu na macho. Akalisogeza mbali. Akalirudisha karibu.

"Taa hii," akasema. "Nimewaambia waibadilishe taa hii."

Taa ilikuwa nzima. Ilikuwa saa nne asubuhi na madirisha yote wazi.

Nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nilipakia vile vitabu vilivyoharibika kwenye toroli nikavizika chini ya mabaki ya karatasi, kabla msimamizi mpya hajarudi. Nilipogeuka, Nusu Milimita alikuwa ananitazama.

"Unaficha au unatunza ushahidi?"

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa miezi minne. Nikasukuma toroli.

Lakini niwaambie ukweli, mtu asiyekusemesha unamsikia kuliko anayekusemesha. Meza yangu iko hatua sita kutoka kwenye mashine yake. Nilijua anakwenda msalani mara nne kabla ya chai. Nilijua chupa yake ya maji ya lita mbili anaimaliza na kuijaza, kisha anaagiza soda juu yake, akisema maji ya siku hizi hayakati kiu. Mkanda wake alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. Alikuwa pande la mtu. Sasa wenzake walimtania, "Nusu Milimita, mbona umebaki robo?" Naye akacheka, akanywa tena.

Mimi sikucheka, ila sikusema pia. Mdomo wangu ulishaniponza mara moja.

Kabla ya saa sita mchana alinipita akielekea stoo, na nikaona sakafu. Kila alipokanyaga mguu wa kushoto paliachwa doa jekundu.

"Kaka," nikasema. "Mguu wako unatoka damu."

Alisimama. Akageuza unyayo. Pini ya kushonea vitabu, ile ya waya, ilikuwa imepenya soli ya raba yake mpaka ndani ya nyama, na kwa jinsi soksi ilivyolowa haikuingia dakika ile.

"Hata sikusikia," akasema.

Aliishika kwa koleo akaichomoa polepole, kama anayechomoa msumari kwenye mbao. Hakukunja uso. Niliinama kumpa kitambaa, uso wangu ukawa karibu na wake, naye akavuta pumzi na kuitoa.

Nikaipata ile harufu.

Ni tamu, kama matunda yaliyoanza kuchacha ndani ya mfuko, na ina ukali kidogo wa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nilikuwa nimeinusa mara moja tu kabla ya hapo, kwa mdogo wake, asubuhi ile alipoyumba mbele ya mashine ya kukunja. Ndiyo niliyoipeleka ofisini nikaiita pombe.

Na Nusu Milimita hajawahi kuonja pombe. Hata kwenye sherehe za watu anakaa upande wa watoto.

Nilishika meza.

Mdogo wangu, tuliyefuatana ziwa, ni muuguzi kwenye kituo cha afya nyuma ya kiwanda chetu. Saa ya chakula nilitoka nusu nikikimbia. Nilimkuta anakunja mashuka.

"Dada, mbona uko hivyo? Nani amefariki?"

"Bado," nikasema.

Aliweka shuka chini. Nikamweleza yote: kiu, msala, mkanda, macho, pini. Alisikiliza bila kunikatiza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana mdogo wangu hukatiza hata sala.

"Sijampima, siwezi kuapa," akasema. "Lakini kama unavyosimulia ndivyo ilivyo, huyo mtu ana sukari na hajui. Asilale leo kabla hajapimwa."

"Na harufu?"

"Harufu gani?"

Nikamwelezea. Akanitazama kwa namna nyingine.

"Hiyo ndiyo mbaya. Mwili ukishindwa kutumia sukari unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na damu inaharibika. Mtu anatoa harufu hiyo. Anapepesuka, anatapika, anaongea maneno yasiyoungana. Wengine wanaletwa hapa wamefungwa kamba, jamaa zao wanasema ni mlevi."

"Na awe hajanywa?"

"Hata tone."

"Inaweza kuwapata ndugu wawili?"

"Mara nyingi tu inafuata damu ya ukoo. Dada, kwa nini unaniuliza hivyo?"

Nilikaa chini, palepale sakafuni, kati ya ndoo na kapu la mashuka machafu. Nilimwona yule mwendesha mashine ya kukunja mbele ya meza ya meneja, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anasema, "Naapa sijanywa, kichwa kinazunguka tu." Na nikajiona mimi nimesimama kando, nimekunja mikono, nimejaa uhakika mpaka puani.

Mdogo wangu aliniinua. "Mlete. Niko zamu mpaka saa kumi na moja. Usimwambie mbele za watu. Usimwambie ana sukari, wewe si daktari. Mwambie ulichokiona kwa macho yako, na umwambie utamsindikiza."

Rahisi kusema. Angenielekeza kupapasa chui ndevu ningeona afadhali.

Nilimkuta bombani akijaza chupa yake. Tulikuwa wawili tu.

"Kaka, naomba dakika moja."

"Redio imepata umeme leo."

"Mguu wako ulitobolewa na hukusikia. Maji unayokunywa si ya kawaida. Nina mdogo wangu hapo kituo cha afya. Ni tone moja la damu tu, kidoleni. Twende nikusindikize, turudi."

Alifunga bomba. Alilifunga taratibu sana.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Tunasikia watapunguza watu. Wanatafuta wagonjwa waanze nao. Orodha umepewa wewe?"

"Kaka, nakuapia."

"Ulimnusa mdogo wangu ukaenda kusema. Sasa umekuja kuninusa mimi."

Nilirudi nyuma hatua moja, maana alikuwa amesema kweli na hakujua. Yeye akaiona ile hatua akadhani ni hatia ya aina nyingine. Sauti yake ikapanda.

"Jamani, njooni. Redio ina taarifa ya habari. Inasema naumwa, inataka nitolewe damu."

Mashine mbili zilizimwa ili watu wasikie vizuri. Wakacheka. Mmoja akaniuliza kama matangazo ya vifo yatafuata baadaye. Kicheko kikazidi. Nusu Milimita alikuwa amekwishageuka, soda mkononi, anarudi kwenye kisu.

Nilikaa mezani kwangu nikajiambia nimefanya sehemu yangu. Mtu mzima amekataa. Nitamlazimisha kama mtoto wa chekechea?

Lakini nilijua kwa nini hakuniamini. Lilibaki neno moja ambalo angeliamini, na neno hilo lilikuwa kitanzi changu. Nikilisema, kiwanda kizima kingejua kwamba nilimtoa mtu kazini kwa pua yangu. Wangeweza kunifukuza. Wangeweza kunishitaki. Yeye mwenyewe angeweza kunifanya lolote.

Kisu kikagonga. Kikapanda. Kikagonga. Kila kilipogonga nilikuwa nahesabu vidole vyake. Kumi. Kumi. Kumi.

Halafu nikamwona anaweka rundo na mkono unapapasa pembeni, unaitafuta karatasi pasipo na karatasi. Akatikisa kichwa. Akaegemea meza ya mashine kwa kifua, mkono wa kushoto ukabaki mbele, chini ya kisu, na wa kulia ukaenda kwenye kile kitufe kisichofungwa.

Sikumbuki nilivyofika ukutani. Nakumbuka ubaridi wa ile swichi kubwa na uzito wake nilipoishusha.

Idara nzima ikanyamaza. Feni zilizunguka kidogo, zikasimama.

"Washa," akasema Nusu Milimita.

"Siwashi."

"Nimesema washa."

Watu walikuwa wamesimama, wananitazama. Habari za mguu wake na kiu yake sikuzigusa, hizo zilikuwa zake. Yangu nikayatoa hadharani.

"Mdogo wako hakuwa amelewa."

Hakuna aliyecheka.

"Siku ile sikuona chupa. Sikumwona akinywa. Nilinusa tu, na nilikuwa nataka meneja aone kwamba idara yangu iko imara. Nilisema amelewa kana kwamba nilimmiminia mimi mwenyewe. Leo nimejua ile harufu haikuwa pombe. Ulikuwa ugonjwa."

"Umejuaje leo?"

Nikasogea mpaka upande wa pili wa mashine, nikainama juu yake, niseme kwa sauti ya sikio lake peke yake.

"Nimeisikia tena. Kwako."

Alizunguka mashine akaja. Mkononi alikuwa na lile pande la mbao la kusawazishia karatasi, zito kama mchi. Nikafumba macho. Nilisema moyoni, na liwe, nimestahili.

Nilisikia mbao ikiwekwa mezani.

"Tunakwenda sasa hivi," akasema. "Kipimo kikinikuta mzima, kesho utasimama hapahapa uwaambie kwamba uongo ni kazi yako."

"Nitasimama."

Msimamizi mpya alipiga kelele nyuma yetu kuhusu saa za kazi. Hakuna aliyemgeukia.

Njia ya kwenda kituo cha afya ni dakika tano. Tulitumia robo saa. Mara mbili alishika ukuta. Mara ya pili alinena bila kunitazama.

"Aliniapia. Alikuja nyumbani, akapiga magoti akaniapia hajanywa. Nikamwambia asikanyage kwangu mpaka atakapoiacha." Akapumua. "Wewe ulimnusa. Mimi nilimlea, na sikumwamini."

Tukaendelea kutembea.

Mdogo wangu alimkalisha, akamchoma kidole, akakinga tone la damu kwenye kidude chake cha kupimia sukari. Kilikuwa kihesabu sekunde tano kisha kitoe namba. Kilihesabu, ila namba hakikutoa. Kilitoa herufi mbili tu.

Akachukua kipande kingine cha kupimia, kidole kingine. Herufi zilezile.

"Kimeharibika?" Nusu Milimita akauliza.

"Hapana, kaka. Sukari yako imepita pale kinapoweza kuhesabu."

Alikigeuza kidole chake kilichochomwa. "Miaka yote hii napima wengine," akasema, "leo kipimo kimeshindwa na mimi." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakauka njiani.

Mdogo wangu hakutabasamu. Alimwita daktari kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, na ghafla kikatokea kitanda, na dripu, na sindano, na mtu wa kuandika. Nikasogezwa ukutani. Nilisikia daktari akisema wangechelewa mpaka kesho wangekuta mambo mengine. Nikaambiwa nitoke nje, lakini mkono wa mgonjwa ulikuwa umenikamata kifundo cha mkono na hauachii.

"Mpigie," akasema. "Simu iko mfukoni mwa shati. Nimemwandika Kitindamimba. Mimi herufi sizioni."

Nilikosea kubonyeza mara mbili. Nikaweka sauti ya nje, nikaishika karibu na mdomo wake. Iliita muda mrefu. Akapokea mwanamke.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mpe mwenzako simu."



"Shemeji, amepumzika."

"Mwamshe."

"Shemeji, usikasirike. Tuliamua na mama yangu. Tulijua wewe mwenyewe umeshachoka naye. Pombe ilimzidi. Anapepesuka ndani ya nyumba, anatapika, anaongea peke yake. Chupa anazificha wapi hatujui, tumepekua mpaka juu ya dari. Na ni kweli anakunywa, hata kazini walimnusa, barua yao tunayo hapa."

Barua hiyo ilikuwa na sahihi mbili. Moja ya meneja. Ya pili yangu.

"Mmemfanya nini?" Nusu Milimita akauliza.

"Tumemfungia chumba cha nyuma, shemeji. Imtoke. Mama alisema kwao ndivyo walivyomponya mjomba."

"Tangu lini?"

"Juzi."

Mdogo wangu alikuwa anarekebisha dripu. Mkono wake ukabaki juu.

"Maji mmempa?" akauliza kwa sauti, aisikie mwenye simu.

"Nani huyo?"

"Mjibu," akasema Nusu Milimita.

"Siku ya kwanza tulimpa. Akimaliza anaomba tena, akimaliza anaomba tena. Mama akasema huo ni ujanja wa kutaka mlango ufunguliwe. Jana kutwa alikuwa anagonga."

"Na sasa anagonga?" mdogo wangu akauliza.

"Hapana." Tulimsikia akivuta pumzi, kama mtu anayetoa habari njema mwishoni. "Tangu asubuhi ametulia kabisa."

Nilimtazama mdogo wangu, na nikatamani nisingemtazama.

"Fungua huo mlango," Nusu Milimita akasema.

"Ufunguo anao mama, shemeji, na mama ametoka."

"Vunja."

"Shemeji, mama atasema..."

"Vunja, mke wa ndugu yangu. Nakuomba. Vunja."

Hakukata simu. Tulisikia ndala zikipiga sakafu, haraka, kisha haraka zaidi. Tulisikia kiganja kikigonga mlango, na sauti yake ikimwita Baba Watoto. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, na safari hii hakuwa anaita mtu aliyelala.

Kikafuata chuma juu ya mbao. Mara moja. Mara nyingi. Mtoto akaanza kulia mahali fulani ndani ya nyumba ile. Nusu Milimita alijaribu kuinuka, daktari na mdogo wangu wakamrudisha kitandani kwa nguvu, na mimi nikabaki nimeishika ile simu kwa mikono miwili.

Mbao ikapasuka.

"Umefunguka," yule mwanamke akasema, kwa sauti ndogo.

Tukangoja aseme la pili.